Kiti cha Dereva

Kila pikapu ilipotakiwa kusogezwa, mzee aliisukuma. Alitia bega mlangoni, akakaza meno, akaisogeza hatua kwa hatua mpaka kivulini, shati limemganda mgongoni.

"Mzee, inawaka hiyo!" fundi alimwambia, spana mkononi. "Umeendesha basi la shule miaka thelathini, leo unasukuma gari kama mkokoteni?"

"Macho yameniasi," mzee alijibu akihema. "Ikibidi kuwashwa, utaiwasha wewe."

Fundi akatikisa kichwa, akarudi chini ya gari.

Pikapu ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba karibu miaka mitatu, tangu polisi walipoirudisha. Kuku walitagia kwenye kiti. Kutu ilikuwa imekula sakafu mpaka ukichungulia ndani unaona majani. Watu walimshauri aiuze chuma chakavu. Lakini binti yake alikuwa amebakiza miezi minne kabla ya kutoka gerezani, na mzee alitaka akitoka aikute imesimama, inang'aa, ni yake.

Habari ya binti ilijulikana mtaa mzima. Jioni moja ya mvua, kwenye kona ya kiwanda cha matofali, pikapu ilimgonga fundi viatu aliyekuwa akirudi kwake kwa baiskeli. Alikata roho palepale. Binti alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na leseni hana. Mahakamani hakubisha. "Ni mimi," alisema, na hakuongeza neno. Hakimu akamfunga miaka mitatu.

Baba yake aliendelea na basi lake. Mwaka jana alistaafu kwa heshima, akapewa cheti chenye fremu: miaka thelathini bila ajali. Mkewe alikisoma kile cheti mara moja, akakisukumia uvunguni mwa kitanda, kioo kikitazama chini.

Kazi ilikwenda kwa kuungaunga. Sakafu mpya ilikatwa kutoka kwenye tangi la maji lililotoboka. Kiti kilitoka kwenye teksi iliyokwisha kufa, na mzee alikisogeza mbele kidogo kwa sababu binti yake ni mfupi. Rejeta ilizibwa, ikavuja, ikazibwa tena. Rangi ilikuwa masalia ya geti la shule, kijani iliyokolea, na waliipaka kwa brashi kwa kuwa kukodi mashine ya kupulizia kulikuwa anasa. Nyuma, mzee alichomelea rafu za ngazi tatu kwa vyuma vya vitanda vya zamani. Kabla hajafungwa, binti yake alikuwa akiuza miche ya maua na matunda, akiibeba kichwani ndani ya beseni. Sasa angekuwa na kitalu chenye magurudumu.

Kitu kimoja tu kilimshinda mzee. Bodi ya mbele, upande wa kushoto, ilikuwa imebonyea. Alinyanyua nyundo, akaishusha. Akainyanyua tena. Mwisho akamwita fundi, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, viganja masikioni, mpaka nyundo iliponyamaza.

Siku ya kupaka rangi, mama wa dukani alipita, akasimama mkono kiunoni.

"Baba, unisamehe mdomo wangu. Utamkabidhi tena gari yule? Si ndiye aliyeua?"

Brashi ilimponyoka mzee. Alimtazama yule mama mpaka yule mama akaona haya.

"Kifungo chake amekitumikia," alisema hatimaye. "Yamekwisha."

Mkewe aliyasikia yote dirishani. Alimwekea chakula mezani bila kumkaribisha.

"Hilo ndilo uliloona la kumjibu?" alimuuliza.

Chakula kikapoa mbele ya mzee.

Siku ya mwisho ya kumtembelea binti gerezani, mzee alimweleza habari za pikapu kupitia wavu. Zile rafu. Ile kijani. Binti alisikiliza amekunja mikono.

"Ile ile, Baba?"

"Ile ile, mwanangu. Uwezo wa nyingine sina. Kama huitaki sema, nitaichoma moto."

Binti alikunjua mikono. "Usiichome. Lakini mbona umekonda hivyo? Unakula kweli?"

Mzee aliinamisha kichwa. Askari alipokuja kusema muda umekwisha, alikuwa bado hajaweza kukiinua.

Binti alirudi Jumamosi asubuhi. Majirani walijipanga uzioni, wengine kumlaki, wengine kutazama tu. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha akaizunguka pikapu taratibu, akapapasa rafu moja moja, akasimama mbele, pale palipokuwa pamenyooshwa, akapitisha kidole.

Mzee alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Haya, tuone kama hajasahau!" mtu mmoja alipaza sauti uzioni. Wachache wakacheka, kisha wakajutia kicheko chao.

Binti alipanda, akaweka mikono kwenye usukani. Baba yake akaingia upande wa pili, akafunga mlango. Wakakaa. Gari kimya.

"Baba," binti alinong'ona, macho mbele, huku akiwapungia majirani mkono, "watu wanatutazama. Niambie upesi, breki ni ipi? Mimi sijawahi kukaa upande huu."