Balbu ya Bi Shemsa

"Shemeji, gari hili limekufa. Liende kwenye vyuma chakavu," alisema Kombo, ndugu wa marehemu mumewe. Mnunuzi alishafunga mnyororo kwenye bampa.

Bi Shemsa aligusisha waya mmoja wa balbu yake ya kupimia umeme kwenye ncha chanya ya betri, wa pili kwenye chuma cha bodi. Balbu haikuwaka. Akacheka. Betri ilikuwa mpya; mafundi watatu waliopita walibadilisha hiyo tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba fundi aliyelipaka gari rangi upya alipaka mpaka pale waya hasi wa betri unapofungwa kwenye bodi, na umeme haupiti kwenye rangi.

Akafungua nati, akakwangua rangi kwa kisu cha jikoni hadi chuma kikang'aa, akaikaza nati tena.

"Unajisumbua bure, shemeji."

Akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

"Mnyororo wenu huo," akasema, "mtaufungua, au niondoke nao?"