Koti la Pakiti za Maziwa

Pakiti za maziwa hazikuwa na mnunuzi. Watu wa skrepa walichukua chupa na madebe, pakiti zikaishia mtaroni. Masika yaliyopita mtaro ulioziba ulifurika, maji yakamchukua Tatu, binti wa Siwema, akiwa na miaka saba.

Tangu hapo Siwema aliziokota. Aliziosha, akazianika, akazichana nyembamba kama ukindu na kuzifuma kwa uzi wa pamba, zikawa kitambaa kisichopitisha maji. Asubuhi moja ya mvua alikuwa amemaliza kushona koti la kwanza pale jirani yake alipobisha hodi, amemshika mkono bintiye Chausiku aliyeloa chapachapa.

"Shoga, niazime hilo koti. Shule ni mbali na mvua haikomi."

Siwema alisita, kisha akamvalisha mtoto. Mikono ya koti ikaishia kwenye viwiko.

"Kwani ulimkatia nani—" Mama Chausiku akajiziba mdomo kwa kiganja. Chausiku na Tatu walizaliwa mwezi mmoja, na walikuwa wakiazimana magauni.

"Si kosa lako," Siwema alisema polepole. "Nilisahau kwamba watoto hukua."

Akamvua Chausiku koti, akalipakata na kuanza kufumua mshono wa bega. Machozi yalidondokea kitambaa yakateleza, hayakukilowesha. Kisha akachukua futi yake ya ushonaji.

"Njoo, mwanangu. Nyoosha mkono."

Mkono ulikuwa wa baridi, lakini mshipa ulidunda chini ya vidole vyake. Siwema akaushika hivyo hivyo, futi imeshaanguka sakafuni.