Yai la Udongo

Siku wanyama walipochoka kufikiri, Mchwa walifinyanga yai la udongo wakamwomba Kanga aliatamie. Chiriku akaruka mti hadi mti akitangaza: "Kesho linaanguliwa! Atatoka kiumbe anayejua kila kitu!"

Kanga alikubali upesi. Mwewe alikuwa amemnyakua kifaranga wake, Tipwa, naye hakuwa na hamu ila ya swali moja: Tipwa yuko wapi?

Kila asubuhi umati ulikuja na ngoma. "Hebu inuka kidogo, bibi, tulione," Chiriku alimwambia. Kanga akiinuka, yai lilishikwashikwa mpaka likapoa, na jioni alianza upya kulipasha joto.

"Ndugu zangu, yai halitaki shangwe. Mniache nilale nalo."

"Kesho tu, bibi! Kesho!"

Hizo kesho zikawa nyingi. Umati ukazomea, ukatawanyika. Chiriku naye akaenda ng'ambo ya mto kutangaza boga linaloimba. Kanga akabaki peke yake, akaatamia bila kuinuka, akimwota Tipwa, hadi siku ya ishirini na saba yai likapasuka.

Kifaranga wa udongo akachungulia. Kanga hakungoja hata akauke. "Mwanangu Tipwa yuko wapi?"

"Sijui," kifaranga akajibu. "Alikuwaje?"

Tangu mwewe apite, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kanga akamfunika kwa bawa. "Alikuwa na doa moja jeupe," alisema, "hapa, shingoni."