Nusu Kikombe

Tangu mashine zianze kutaja magonjwa badala ya madaktari, hakuna anayevishwa koti la udaktari kabla hajajua kuchora watu na kuandika habari zao. Bi Mwanaidi alijivunia hilo. Binti yake, Hidaya, aliyekuwa akisomea udaktari, alikuwa amechora watu wote wa nyumbani, na majirani walikuja kushangaa: "Mtoto huyu ana jicho!"

Asubuhi ile Hidaya alimchora mama yake akimimina chai, akaandika maneno machache chini, akampa. Picha ilikuwa yeye hasa, hadi kovu la kidevuni. Chini ilisomeka: "Zamani mama alijaza vikombe pomoni. Siku hizi anamimina nusu, kisha anashika meza."

Mkono ulikuwa ukimtetemeka Bi Mwanaidi tangu mwezi wa mfungo. Aliamini amewaficha wote, hata mashine ya zahanati aliikwepa.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna, mama. Nilikuchora tu."

Fahari ikamjaa Bi Mwanaidi, na hofu nayo ikaingia papo hapo. Akanyakua birika, akamimina mpaka juu, amwonyeshe. Chai ikafurika, ikatambaa mezani.

Hidaya hakukimbilia kitambaa. Alivuta karatasi nyingine, akaanza kuchonga penseli.