Vichwa Mia Moja Sabini na Viwili

"Usinyamaze, papa," mwanamke alisema. "Ukinyamaza, ni hatari kwako."

Khatibu aliyaona macho yake tu. Uso uliobaki ulifunikwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, ambako baba huitwa papa. Alisema anaitwa Gaëlle, na humo ndani hakuna mwingine anayejua lugha yao. Nyuma ya Khatibu walikuwapo watu wengine, lakini hakuweza kugeuka. Kichwa kilikuwa kimebanwa, mikono imefungwa mikanda.

"Niseme nini, dada?"

"Kile unachokijua kuliko watu wote."

Khatibu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa fundi wa mota za umeme huko ugenini, mtaa wa Joubert Park. Alichopenda ni treni, hasa EF58, vichwa vya treni vya umeme vya Kijapani. Alikuwa amesoma habari zake miaka ishirini bila kukiona hata kimoja. Asubuhi ile walimvua saa, pete na kofia. Mkewe Zabibu aliachwa nje akilia, mlango ukafungwa.

"Walianza kuviunda mwaka arobaini na sita," alisema. "Vita vimeisha, nchi imeungua. Vya kwanza vilikuwa kama masanduku. Baadaye wakavipa umbo jipya, refu, la kupasua upepo."

"Bien, vizuri. Endelea."

Chuma kikagonga chuma nyuma yake. Jasho likamwingia jichoni, hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Ndani wakaweka boila ya kuchemsha maji. Kichwa cha umeme, lakini kina boila! Ili abiria wapate joto wakati wa baridi. Viliundwa mia moja sabini na viwili. Namba sitini na moja kilivuta treni ya Mfalme wa Japani. Umeme kiliuchukua juu, kwenye waya, kwa... kwa..."

Neno likatoweka. Alilijua tangu ujana. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu.

"Kwa kitu gani, papa?"

Akalitafuta jina la mkewe, nalo hakulipata. Akaona atakufa bila kumwita.

"Acha hapo!" Gaëlle akamwambia mtu wa nyuma kwa Kiingereza. "Usiguse tena!"

Chuma kikawekwa chini.

"Pantografu," Khatibu akasema, machozi yakimtiririka. "Zabibu. Pantografu. Zabibu."

"Endelea, papa. Usinyamaze."

Akaendelea. Akasema jinsi mabehewa mapya yalivyokuja na joto lake yenyewe, boila zikakosa kazi, na vichwa vile vikaondolewa njiani kimoja baada ya kingine. Alisema mpaka ulimi ukakauka.

"Vimekwisha," alinong'ona. "Wallahi, sina kingine. Niacheni niende kwa mke wangu."

Gaëlle aliinua macho, akamtazama yule mtu wa nyuma.

"Daktari," alisema, "uvimbe umetoka, na maneno yake yote yapo. Unaweza kufunga fuvu."