Keki za Tende za Mama Mkwe

“Ng'ombe ameshapatikana,” Ethuro alisema kwenye simu, na Akoru akaangusha mwiko kwenye makaa.

“Sema tena.”

“Ng'ombe wa harusi. Anauawa Jumamosi, hapa Lodwar. Oka sinia kubwa la keki, kubwa kabisa. Watu watakuwa wengi.”

“Huko kwa mama yako?”

“Mama atakuwepo,” akasema Ethuro, kisha simu ikakatika. Mtandao wa Kakuma nao!

Akoru alipiga vigelegele peke yake jikoni, na nani angemlaumu? Alikuwa amemzalia Ethuro watoto wawili, anamfulia akija kutoka Lodwar, anamtunzia mbuzi, lakini ng'ombe hajauawa. Na kwa Waturkana, bila ng'ombe huyo mwanamke si mke. Ni mgeni aliyekaa sana. Hata watoto wanahesabiwa ni wa kaka yake, anayechunga upande wa Lopur, na kaka huyo kila wakikutana hakosi la kumchoma: “Ng'ombe wa huyo bwana yako bado hajazaliwa?”

Kikwazo, alivyosema Ethuro, ni mama yake. Mama hajamkubali Akoru. Mama ni mkali. Tena mama ana ugonjwa wa sukari, na tumbo lake halitaki ngano, basi vile amenyimwa kila kitu kitamu, ukali umezidi. Kwenda kumsalimia ndiyo usiseme kabisa. Si heshima kabla ya ng'ombe.

“Basi nitampikia,” Akoru alikuwa amesema. Maskini.

Fundi alikuwa jirani yake Jeanine, Mkongomani aliyezoea kuoka mikate kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Wakajaribu unga wa mtama. Keki ya kwanza ilibomoka kabla ya kufika mdomoni. Wakaongeza mayai, wakaponda ndizi zilizoiva sana badala ya sukari, na katikati wakapaka tende za kando ya mto Turkwel, zilizochemshwa na ndimu mpaka zikawa rojo zito. Wakakata vipande virefu kama vya sabuni. Jeanine akaonja, akafumba macho.

“Akoru, weye! Mama mukwe atakupenda kupita mutoto yake mwenyewe.”

Tangu hapo kila wiki keki zilienda Lodwar na gari, na kila wiki amri zilirudi. Mara karanga zitolewe, zinamtoa vipele usoni. Mara ndimu ipunguzwe. Mara vipande vikatwe vidogo, viingie kwenye mkoba. Mwingine angechoka, lakini Akoru alifurahi. Kumbe mama anatembea nazo! Mtu hatembei na chakula cha mtu anayemchukia, au sivyo?

Na sasa ng'ombe. Jambo moja tu lilimtatiza: kwa desturi ng'ombe huuawa kwao bibi harusi. Lakini baba yake Akoru alishakufa, na kaka anahama na mifugo, leo huku kesho kule. Bila shaka mama mkwe ameamua kumpokea kama binti wa nyumba yake. Alipofikiria hivyo alilia, jamani, machozi yakadondokea unga.

“Wewe zitume tu na gari,” Ethuro aliandika baadaye. “Usisumbuke kuja.”

Usisumbuke! Wanaume na vituko vyao. Akoru alijua anataka kumshtua, labda amtumie watu waje kumchukua kwa nyimbo. Nani ana subira hiyo? Jumamosi akamwachia Jeanine watoto, akavaa kitenge kizuri alichoazimwa naye, akapanda probox ya abiria ya asubuhi na sinia mapajani.

Pale stendi ya Lodwar alitaja tu harusi ya Ethuro, akaonyeshwa njia. Hakuwa anajua kwamba mama mkwe ana geti. Nyumba ilikuwa ya mawe, bati jekundu, tangi la maji juu, na uani amefungwa ng'ombe dume mweusi, mnene, ngozi inang'aa. Akoru alisimama akamtazama ng'ombe wake mpaka machozi yakamlengalenga.

Chini ya turubai alikuwa ameketi mama mzee, uso wake Ethuro mtupu. Akoru akaweka sinia chini, akapiga magoti.

“Ejok, mama. Nimeleta keki.”

“Aa! Ndio wewe!” Mama akamshika mikono yote miwili. “Mikono hii ina baraka. Mwanangu haachi kukusifu. Unaitwa nani?”

“Akoru, mama.”

“Una watoto?”

Akoru akacheka. Kumbe mama ana utani! “Wawili, mama.”

“Mungu akutunzie.”

Ule ukali alioambiwa miaka yote uko wapi? Mama alikuwa mpole, anamwita mwanangu kila neno. Akamvutia kiti. Akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akajimiminia na yeye, akachukua bakuli la sukari. Akatia kijiko, akatia tena, akatia tena.

Akoru akamdaka mkono kwa hofu. “Hapana, mama! Daktari si amekataza?”

“Daktari gani, mwanangu? Mimi chai bila sukari haipiti kooni.” Mama akacheka, akamsogezea lile sinia. “Kunywa haraka, halafu umpelekee bibi harusi kule ndani. Yeye ndiye sukari hawezi.”