Kisanduku Kizito

Pah!

Kisha feni ikanyamaza. Kerubo alichomoka jikoni mbio, akakuta moshi ukifuka nyuma ya kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake, na ulimi wa moto unaramba pazia. Aling'oa waya ukutani, akaupiga moto kwa taulo mpaka ukafa.

Hakuwa mtu wa kukisia. Huku Guangzhou, China, alikuja kusomea umeme. Alichomeka taa kwenye soketi ileile. Ikawaka. Akafungua pawasaplai mpya, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, akafunga kile cha zamani. Kompyuta ikaamka. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya kisanduku kipya. Alikitikisa.

Kung.

Mumewe, Rodgers, aliingia na mifuko ya sampuli kutoka soko la Zhanxi. Akaganda mlangoni.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Kwenye katoni zako. Nikanunue dukani, na mume wangu anaviuza?"

"Si nilikukataza kugusa katoni!"

Kerubo alishafika kwenye skrubu ya mwisho. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba kama nywele, fyuzi hamna, na bonge la sementi lililobanduka. Akaelewa. Kwao Nairobi mnunuzi hukipima kisanduku kwa kiganja, kama anayechagua boga sokoni: kizito ndicho bora.

"Wamekuuzia sementi, baba!"

Rodgers alikichukua, akakitikisa. Kung. Akatikisa tena, jasho likimtiririka.

"Inasikika," akanong'ona.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika Kerubo. Visanduku sitini kama hiki, alivyouza Rodgers, viliruka kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun wiki iliyopita, kwenda shule anayofundisha mama yake, Mwalimu Jemimah. Leo saa mbili asubuhi walikuwa wanafungua chumba cha kompyuta, na mama ndiye angewasha ya kwanza. Hapa ilikuwa saa sita u nusu mchana. Nairobi, saa moja u nusu.

"Piga simu! Wasiwashe!"

Simu ya mezani haikupiga nje ya China. Simu yenye kadi ya kupiga nyumbani ilikuwa ya Rodgers. Alitoka nayo roshani, akafunga mlango wa kioo. Kerubo alimtazama akibonyeza namba, mara moja tu, kisha midomo ikienda, mkono ukikata hewa. Dakika tatu. Kerubo alitafuna ukucha hadi ukatoa damu.

Rodgers akarudi. "Nimeongea na mama mwenyewe. Hawatawasha."

"Mungu ni mwema." Kerubo alikaa sakafuni, akalia kama mtoto. Machozi yalipokauka, hasira ikashika zamu. Aliivuta simu ya mezani, akasoma namba ya kiwanda ubavuni mwa katoni, akaipiga.

"Achana nao, Kerubo! Utajipandisha presha bure."

"Walitaka kuniulia mama, niachane nao?"

Rodgers alinyoosha mkono aikate simu. Kerubo akampa mgongo. Kichina chake kilikuwa cha darasani, kimenyooka.

"Mimi ni mke wa Rodgers," alianza, lakini kabla hajatema tusi la kwanza, laoban, bosi wa kiwanda, alicheka kwa upole.

"Dada, si nimetoka kuongea naye sasa hivi, dakika tatu nzima? Mwambie atulie. Zile pawasaplai mia tano zijazo, sementi nitaigandisha vizuri, haitatikisika tena. Nakuahidi."